Vipindi vya watoto wadogo: Wazazi wahofia picha, watafiti wahofia ukimya wa sebuleni

WAZAZI wengi wa mijini wanakubaliana katika jambo moja: mtoto aliyekuwa akilia hunyamaza runinga inapowashwa. Wanachotofautiana ni iwapo ukimya huo ni heri au ni hasara.

Tangu Machi 31, 1997, Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) lilipoanza kurusha kipindi cha Teletubbies kwa ajili ya watoto ambao hawajafikia hata umri wa kwenda chekechea, malalamiko ya wazazi kuhusu vipindi vya aina hiyo hayajakoma. Wahusika wamebadilika. Kanda za video zimeziachia nafasi DVD, na DVD zimeuachia nafasi mtandao wa YouTube na simu za mkononi. Hofu imebaki ileile: mtoto anajifunza nini?

Hata hivyo, anayeyapitia malalamiko hayo sambamba na matokeo ya utafiti uliofanywa katika miaka hiyo ataona kwamba pande hizo mbili hazitazami mahali pamoja. Wazazi, viongozi wa dini na wanasiasa wamekuwa wakikagua kilichomo ndani ya kioo: vazi la mhusika, rangi yake, matamshi yake. Watafiti wamekuwa wakikagua sebule: mtoto ana umri gani, amekaa na nani, na nani anazungumza naye wakati runinga inanguruma.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo mzazi atalishughulikia tatizo lenyewe au atahangaika na kivuli chake.

Mkoba wa Tinky Winky

Teletubbies, iliyobuniwa na Anne Wood na Andrew Davenport, ilikuwa na wahusika wanne wa rangi nne: Tinky Winky, Dipsy, Laa-Laa na Po. Waliongea kwa maneno machache yasiyokamilika, kama mtoto anayeanza kusema, na kila kipindi kilikuwa na filamu fupi iliyorudiwa yote mara ya pili.

Kipindi kilipendwa mno. Desemba 1997 wimbo wake ulishika nafasi ya kwanza katika chati za muziki za Uingereza, na mwaka uliofuata kilianza kuonyeshwa Marekani.

Lawama nazo hazikuchelewa. Wapo waliosema lugha ile ya kitoto ingewadumaza watoto, kwamba mtoto anayehitaji kusikia maneno kamili anapewa vipande vya maneno. Watayarishaji walijitetea kwa kusema kwamba marudio ndiyo yanayompendeza mtoto wa umri huo, na kwamba wao wamemfuata mtoto alipo.

Lakini mjadala uliovuma duniani haukuwa huo. Februari 1999, jarida la mhubiri wa Marekani, Jerry Falwell, liliwaonya wazazi kwamba rangi ya zambarau ya Tinky Winky, pembetatu iliyo kichwani mwake na mkoba wake mwekundu ni ishara za mapenzi ya jinsia moja. Miaka minane baadaye, Mei 2007, Ewa Sowińska, aliyekuwa mtetezi wa haki za watoto katika serikali ya Poland, alisema angewaomba wanasaikolojia wakichunguze kipindi hicho kwa sababu hiyohiyo. Baadaye aliachana na mpango huo.

Wakati vyombo vya habari vikiujadili mkoba, swali la lugha lilipata jibu kimyakimya. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Deborah Linebarger na Dale Walker, walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa watoto waliofuatiliwa kuanzia umri wa miezi sita hadi miezi 30. Watoto waliotazama vipindi kama Blue's Clues na Dora the Explorer, ambavyo humgeukia mtoto, humuuliza swali na kumsubiri ajibu, walikuwa na msamiati mpana zaidi. Waliotazama Teletubbies walikuwa na msamiati mdogo zaidi.

Uchunguzi wa namna hiyo unaonyesha mambo yanayoandamana, hauthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Lakini unatosha kuonyesha kwamba mzazi aliyekuwa na wasiwasi kuhusu maneno alikuwa na hoja nzito kuliko aliyekuwa na wasiwasi kuhusu mkoba.

Umri kwanza

Madaktari wa watoto hawakuanzia kwenye kipindi, walianzia kwenye umri. Agosti 1999, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani (AAP) kilishauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asitazame runinga. Mwaka 2016 chama hicho kililegeza kidogo: chini ya miezi 18 mtoto aepushwe na skrini za kila aina, isipokuwa mazungumzo ya video na ndugu zake, na kuanzia miaka miwili hadi mitano isizidi saa moja kwa siku, kwa vipindi bora, tena pamoja na mzazi.

Aprili 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo unaokaribiana na huo. Mtoto asiyetimiza mwaka asikalishwe mbele ya skrini kabisa. Wa mwaka mmoja haishauriwi. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja, na ikipungua ni bora zaidi.

Soko lilikuwa likienda upande mwingine. Mwaka 1996 mama mmoja wa jimbo la Georgia, Marekani, Julie Aigner-Clark, alianza kutengeneza nyumbani kwake video za watoto wachanga na kuziita Baby Einstein. Mwaka 2001 kampuni ya Disney iliinunua biashara hiyo. Jina lenyewe lilitosha kuwa tangazo: nani asiyetaka mwanawe awe na akili kama ya Einstein?

Agosti 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha matokeo yaliyowashtua wazazi. Waliwahoji kwa simu wazazi zaidi ya 1,000 na kugundua kwamba, kwa watoto wa miezi minane hadi 16, kila saa moja kwa siku ya kutazama video za watoto wachanga iliandamana na upungufu wa maneno sita hadi manane ambayo mtoto anayaelewa, kati ya takriban 90 waliyopimwa. Kwa watoto wa miezi 17 hadi 24 hawakuona uhusiano huo.

Disney ilikitaka chuo hicho kiikanushe taarifa yake. Chuo kilikataa. Mwaka 2014 wanasaikolojia wawili, Christopher Ferguson na Brent Donnellan, waliichambua upya takwimu hiyo na kusema uhusiano uliotajwa haukuwa thabiti kama ulivyotangazwa. Mabishano hayo hayakuisha, lakini upande wa biashara ulikuwa umeshatikiswa. Oktoba 2009, kufuatia shinikizo la watetezi wa watoto, Disney ilikubali kuwarejeshea fedha wazazi walionunua DVD hizo.

Mzazi anayesoma mabishano hayo asisahau jambo moja. Hata waliopinga kuwapo kwa madhara hawakuonyesha faida. Mtoto hakuharibika, wao walisema, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba alierevuka.

Kwa nini kioo hakifundishi

Ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu suala hilo ulitoka mwaka 2003. Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu hichohicho cha Washington waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa na kuwasikilizisha Kichina cha Mandarin kwa vipindi 12. Kundi moja lilikaa na Mchina aliyecheza nao na kuwasomea vitabu. Jingine liliwaona na kuwasikia watu walewale, kwa maneno yaleyale, kupitia runinga.

Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliotazama runinga hawakupata chochote. Sauti ilikuwa ileile na muda ulikuwa uleule. Kilichokosekana ni mtu anayemtazama mtoto, anayemsubiri na kumwitikia.

Mwaka 2010 Judy DeLoache wa Chuo Kikuu cha Virginia aliongeza jambo jingine. Aliwapima watoto wa miezi 12 hadi 18 ambao familia zao zilitumia kwa wiki nne video ya kufundisha maneno. Hawakujua maneno mengi kuliko watoto ambao hawakuiona kabisa. Waliojifunza zaidi ni wale ambao wazazi wao walifundisha maneno hayo wenyewe, bila video, katika shughuli za kawaida za nyumbani.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba wazazi walioipenda video ndio waliodhani watoto wao wamejifunza sana. Hili linaeleza kwa nini sifa za vipindi hivi huenea kwa kasi kutoka kwa mzazi hadi kwa mzazi, hata pale ambapo mtoto hakuongeza neno hata moja.

Runinga isiyotazamwa na mtu

Wazazi wanaojitahidi huchagua kipindi cha mtoto kwa uangalifu, kisha wakasahau saa zinazobaki. Katika nyumba nyingi runinga huwashwa asubuhi na kuzimwa usiku. Kuna taarifa ya habari, kuna tamthilia, kuna mpira, kuna muziki. Mtoto yuko chini kwenye mkeka, na kila mtu anaamini kwamba hivyo vipindi vya wakubwa havimhusu.

Juni 2009 Dimitri Christakis na wenzake walitoa matokeo ya kuwafungia watoto 329, wa miezi miwili hadi miaka minne, vinasa sauti vidogo nguoni. Vilirekodi kila kilichosemwa karibu na mtoto siku nzima. Kila saa moja ambayo runinga ilisikika iliandamana na upungufu wa maneno takriban 770 ambayo mtoto angeyasikia kutoka kwa mtu mzima. Mtoto mwenyewe naye alitoa sauti chache zaidi.

Hapo ndipo mzizi wa jambo ulipo. Runinga haihitaji kuwa na katuni mbaya ili imwathiri mtoto mchanga. Inatosha kumnyamazisha mama, baba, bibi au dada wa kazi. Mtoto hujifunza lugha kwa kuongeleshwa wakati wa kuogeshwa, kulishwa na kubebwa. Saa ambayo wakubwa wote wametumbulia macho tamthilia ni saa ambayo mtoto hakuongeleshwa, hata kama yeye hakuitazama tamthilia hiyo.

Kasi na biashara ya macho

Kwa watoto waliovuka miaka mitatu, hofu nyingine ya wazazi imepata ushahidi kiasi: kasi. Mwaka 2011 Angeline Lillard na Jennifer Peterson waliwagawa watoto 60 wa miaka minne katika makundi matatu. Moja lilitazama kwa dakika tisa SpongeBob, katuni ambayo picha zake hubadilika upesi. Jingine lilitazama kipindi cha mwendo wa taratibu, na la tatu lilichora kwa kalamu za rangi. Mara baada ya hapo, kundi la kwanza lilifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kujizuia, kungoja na kufuata maelekezo.

Wenye kituo, Nickelodeon, walijibu kwamba katuni hiyo ni ya watoto wa miaka sita hadi 11, si ya miaka minne. Jibu hilo ni la haki, nalo linamrudishia mzazi swali lilelile la umri. Aidha, jaribio lilipima hali ya muda mfupi baada ya kutazama. Halikusema kwamba mtoto ameharibika kwa miaka.

Leo ushindani wa kuyakamata macho ya mtoto ni mkali kuliko enzi za Teletubbies. CoComelon, iliyoanzia YouTube na kununuliwa mwaka 2020 na kampuni ya Moonbug ya London, ni miongoni mwa chaneli zinazotazamwa zaidi duniani. Mwaka 2022 gazeti la The New York Times liliripoti namna kampuni hiyo inavyovijaribu vipindi vyake: mtoto huonyeshwa kipindi, na pembeni huwekwa skrini ya pili yenye picha za mambo ya kawaida ya nyumbani. Kila anapogeuka kuitazama skrini ya pili, wanaandika, ili sehemu hiyo ya kipindi irekebishwe.

Kwa maneno mengine, kipindi kinapimwa kwa uwezo wake wa kuyashinda mambo ya kawaida ya nyumbani. Kwa mtengenezaji huo ni ufanisi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, mambo ya kawaida ya nyumbani ndiyo darasa.

Mkono wa serikali na mipaka yake

Serikali nazo zimejaribu. Julai 2008 mamlaka ya utangazaji ya Ufaransa, CSA, ilizizuia chaneli za nchi hiyo kurusha au kutangaza vipindi vilivyotengenezwa mahususi kwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Chaneli za watoto wachanga zilizorushwa kutoka nje ya nchi ziliendelea kuonekana, ila kwa sharti la kumwonya mzazi. Huo ni uamuzi uliotazama umri.

Uamuzi mwingine hutazama maudhui, na wakati mwingine kwa sababu nzuri. Mwaka 2012 shirika la utangazaji la Australia liliondoa hewani sehemu moja ya katuni ya Peppa Pig iliyowafundisha watoto kwamba buibui hawana madhara. Uingereza hilo ni fundisho jema. Australia, penye buibui wenye sumu kali, ni hatari. Mafundisho ya kipindi kilichotengenezwa nchi moja hayafai kila mahali.

Juni 2017 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya (KFCB) ilitangaza kuzipiga marufuku katuni sita, zikiwamo The Loud House na Adventure Time, kwa madai ya kwenda kinyume na maadili. Hizo zilikuwa katuni za watoto wakubwa kidogo. Lakini bodi yoyote, iwe kali namna gani, inaweza kukagua katuni tu. Haiwezi kuingia sebuleni kuhesabu saa, wala kumfuata mtoto aliyekabidhiwa simu ya mama yake na kuachwa video zijifungue zenyewe moja baada ya nyingine.

Sura ya Afrika Mashariki

Kwa familia za Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, suala hili lina pande mbili za ziada. Kwanza ni lugha. Vipindi vingi vya watoto vinavyoingia kwa ving'amuzi na intaneti ni vya Kiingereza. Wapo wazazi wanaofurahi, wakiona ni njia ya kumwandaa mtoto kwa shule. Matokeo ya Kuhl yanawaonya waliotegemea hivyo kwa mtoto mchanga: lugha anayoisikia kwenye kioo bila mtu wa kuizungumza naye haimwingii, na muda uliotumika ni muda uliopunguzwa kwenye Kiswahili cha nyumbani.

Pili ni uhaba wa vipindi vya hapa. Pengo hilo limeanza kuzibwa. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam limetengeneza Akili and Me, kisa cha msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake karibu na Mlima Kilimanjaro, kwa Kiswahili na lugha nyingine. Mwaka 2018 Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland alitoa matokeo ya utafiti uliofanyika Morogoro: watoto wa chekechea waliokitazama kwa wiki kadhaa waliwazidi wenzao katika kuhesabu, kutambua tarakimu na kujua maumbo.

Habari hiyo ni njema, nayo inalingana na yaliyoonekana Marekani kwa Sesame Street, iliyoanza mwaka 1969. Lakini inafaa kusomwa hadi mwisho: hao walikuwa watoto wa chekechea, si wa miezi minane. Kipindi kizuri kinamfaa aliyefikia umri wake.

Lawama bila msaada

Ni rahisi kumlaumu mzazi. Ni vigumu zaidi kueleza afanye nini mama anayepika kwa jiko la mkaa chumbani pamoja na mtambaaji, au baba anayerudi kutoka kazini saa tatu usiku. Nyumba za kupanga hazina uwanja, barabara haina usalama, na bibi aliyezoea kumbembea mjukuu yuko kijijini. Katika hali hiyo runinga ni mlezi asiyedai mshahara. Nusu saa ya katuni inayomwepusha mtoto na moto si dhambi, na hakuna utafiti uliotajwa hapa unaosema ni dhambi.

Unachosema ushahidi ni kwamba hatua zenye maana hazihitaji fedha. Runinga isiyotazamwa na mtu izimwe. Mtoto asiyetimiza miaka miwili aachiwe sufuria, vifuniko na mazungumzo ya jikoni, kwa kuwa ndivyo vinavyomfundisha. Aliyevuka umri huo achaguliwe kipindi kimoja cha mwendo wa taratibu, kikiisha kimeisha, na simu isiachwe ijichagulie kinachofuata. Na anayebaki na mtoto mchana kutwa, ambaye mara nyingi ni dada wa kazi, aelezwe kwamba kumsimulia mtoto anachokifanya ni sehemu ya kazi yake, tena sehemu kubwa.

Wazazi wa enzi za Teletubbies waliogopa kwamba mtoto atajifunza jambo baya kutoka kwenye kioo. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, ushahidi wa miaka zaidi ya 20 unaonyesha kwamba hatari kubwa ni kutojifunza lolote, huku waliokuwa na uwezo wa kumfundisha wakiwa wamekaa pembeni yake, kimya, wakitazama.